Jinsi ya Kuchagua Foku ya Baiskeli ya Barabara kwa Mtu Mrefu

Kijana mmoja mcheza basketboli, futi sita na inchi sita, aliniletea fremu yake ya chuma ya sentimita 64 pamoja na foku mpya ya kaboni, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, bado imefungwa kwa karatasi. Foku ya zamani ilipinda alipoingia kwenye shimo usiku. Nikachomeka mpya, nikapanga beringi, nikaweka spesa (pete za kuinua hendeli) za sentimita mbili alizozoea, kisha stemu, kile kipande kinachoshika hendeli, juu yake. Nilipochungulia kutoka juu, shingo ya foku, yaani paipu yake ya juu, ilikuwa imeingia milimita 12 tu ndani ya stemu yenye kimo cha milimita 40. Bolti ya chini ilikuwa na kitu cha kushika. Ya juu ilikuwa inabana hewa.

Alikuwa ameshalipa, na aliyemuuzia hakukubali kuirudisha. Naandika haya ili mtu mwingine mrefu asipoteze pesa yake hivyo, au meno yake.

Hatua ya 1: Hesabu urefu wa shingo kabla ya kuangalia bei

Shingo ni ile paipu ya foku inayopita ndani ya paipu ya mbele ya fremu na kushikwa na stemu. Foku nyingi za kaboni huuzwa zikiwa na shingo ya milimita 300. Kwa fremu ya mtu wa kawaida hiyo inatosha na ya kukata inabaki. Kwa fremu yako huenda isitoshe hata kidogo.

Chukua tepe, upime vitu vinne: paipu ya mbele ya fremu kutoka ukingo hadi ukingo, kimo cha vikombe vya beringi vinavyojitokeza juu na chini, spesa unazotaka, na kimo cha stemu mahali inaposhika shingo. Jumlisha. Kwa yule kijana ilikuwa 240, 28, 20 na 40, yaani milimita 328. Toa 3, kwa sababu shingo inatakiwa iishie chini kidogo ya mdomo wa stemu ili kifuniko kipate nafasi ya kukaza beringi. Alihitaji shingo ya milimita 325, akanunua ya 300.

Ukikuta umepungukiwa kidogo, usikimbilie foku nyingine. Ondoa spesa, utumie stemu inayopanda. Stemu ya milimita 100 yenye pembe ya digrii 6, ukiigeuza itazame juu badala ya chini, inainua hendeli karibu sentimita 2. Pia watengenezaji wengi wa kaboni hawataki spesa zaidi ya milimita 30 au 40 chini ya stemu, kwa hiyo mnara wa spesa si suluhisho hata shingo ikiwa ndefu. Pungufu ikizidi hapo, tafuta foku yenye shingo ya 350, au yenye shingo ya chuma ambayo haijakatwa.

Hapa Nairobi kuna tatizo la ziada. Foku nyingi za mtumba zilishakatwa kwa kipimo cha mwenye baiskeli wa kwanza, na mara nyingi huyo alikuwa mfupi kuliko wewe. Ukienda soko la Gikomba, nenda na tepe mfukoni. Na tafadhali, mtu akikuambia shingo fupi inaweza kuongezwa kipande kwa kuchomelewa, mshukuru uondoke. Pale panapoungwa ndipo uzito wako wote unapoegemea unaposhika breki ya mbele, na paipu ikikatika hapo hakuna onyo. Hendeli inabaki mikononi na gurudumu linakwenda zake. Nimewahi kurudisha kazi ya namna hiyo kwa mteja aliyenisihi sana, na nitaendelea kuirudisha.

Hatua ya 2: Unene wa shingo

Hili ni fupi. Fremu za zamani huchukua shingo ya inchi 1, yaani milimita 25.4. Zilizofuata ni inchi 1 na moja ya nane, milimita 28.6. Za siku hizi nyingi zina shingo inayonenepa kuelekea chini, hadi inchi 1 na nusu. Shingo nyembamba inaweza kuwekwa kwenye fremu ya shingo nene kwa beringi na pete zinazofaa. Nene haiingii kwenye nyembamba, hata ulazimishe vipi. Kama shingo yako ina nyuzi za nati, uliza pia urefu wa nyuzi zenyewe, maana nyuzi zikiishia chini mno au juu mno beringi hazikazi.

Hatua ya 3: Urefu wa miguu ya foku

Pima kutoka katikati ya ekseli hadi pale beringi ya chini inapokalia kwenye mabega ya foku. Foku za barabara za breki zinazobana rimu huwa karibu milimita 370. Za kupitia vumbi na matope huwa karibu 395 au zaidi. Ukiongeza milimita 20, mbele ya baiskeli inainuka na pembe ya usukani, yaani mshazari wa paipu ya mbele ya fremu, inalala karibu digrii moja. Tafuta iliyo karibu na ile ya awali, tofauti isizidi milimita 5.

Hatua ya 4: Ekseli imesukumwa mbele kiasi gani

Kila foku ya barabara ina namba kama 40, 43, 45 au 50. Hizo ni milimita ambazo ekseli iko mbele ya mstari wa shingo. Namba hii pamoja na pembe ya usukani ndiyo inayoamua kama baiskeli itatulia au itakuwa na wasiwasi.

Weka simu yenye programu ya kupima mshazari kwenye paipu ya mbele ya fremu, baiskeli ikiwa imesimama sakafuni palipo sawa, matairi yamejaa vizuri. Ukipata digrii 73 na tairi yenye upana wa milimita 25, foku ya 43 inaacha mguso wa tairi nyuma ya mstari wa shingo kwa karibu milimita 58. Foku ya 50 inapunguza hadi karibu 50. Umbali huo ukiwa mkubwa, baiskeli hushika njia yake; ukiwa mdogo, hugeuka upesi. Kwa mtu mrefu mimi napendelea kati ya 55 na 60. Fremu kubwa nyingi zimesimama zaidi, digrii 73 na nusu au 74, na hapo mimi huchagua foku ya 40. Faida moja ya urefu wako ni kwamba vidole vya mguu haviwezi kugusa gurudumu la mbele kirahisi, kwa hiyo huhitaji kusukuma ekseli mbele ili kupata nafasi.

Sisemi haya kwa kupenda hesabu. Ukishuka kutoka Kona Baridi kwenda Magadi, kasi inapanda upesi na upepo wa bonde unakusukuma ubavuni. Fremu kubwa ina paipu ndefu, paipu ndefu hujipinda zaidi, na mwili mrefu unakaa juu. Baiskeli ikianza kutetemeka mbele, bana paipu ya juu ya fremu kwa magoti, inuka kidogo kwenye kiti, ushike breki polepole. Kabla ya kulaumu foku, kagua beringi zilizolegea na spoku.

Hatua ya 5: Kaboni, alumini au chuma

Uliza kiwango cha uzito wa mwendeshaji, uonyeshwe kwa maandishi. Kama una kilo 100, gramu mia tatu unazookoa kwa kaboni hazina maana yoyote kwako. Kwa shingo ndefu na mtu mzito, chuma ndicho ninachokiamini zaidi. Kaboni mpya yenye maelezo yake ni sawa. Kaboni ya mtumba ambayo hujui ilianguka wapi, siinunui na siiweki.

Hakikisha pia breki zinalingana na fremu na magurudumu yako, na tairi ya 28 inapita. Kwa barabara zetu, 28 ndiyo kidogo kabisa ninayomshauri mtu mrefu.

Hatua ya 6: Kukata na kufunga

Usikate siku ya kwanza. Funga na spesa zote, endesha wiki mbili, ujue hendeli unaitaka wapi. Kisha kata kwa msumeno wenye meno madogo, shingo ikiwa ndani ya kibano cha kuongozea. Kama ni kaboni, vaa barakoa, lowesha maji, lainisha kwa msasa. Ndani ya shingo ya kaboni weka kishikio kinachotanuka, kile ambacho bolti ya kifuniko cha juu hujikazia, kikae sawa na mahali stemu inapobana. Ile nati ya nyota inayogongwa kwa nyundo ni ya chuma na alumini tu.

Kaza kwanza kifuniko cha juu mpaka beringi ziache kucheza, nyoosha stemu na gurudumu, ndipo ukaze bolti za pembeni kwa kiwango kilichoandikwa kwenye stemu, mara nyingi nyutoni-mita 5. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma, kidole kikiwa pale beringi ya juu inapokutana na fremu. Ukisikia inagonga, rudia. Nenda mzunguko mmoja wa Southern Bypass asubuhi kabla magari hayajajaa, ukirudi nyumbani ukague bolti hizo tena.

Yule kijana tulimtafutia foku ya chuma yenye shingo ndefu. Tulikata milimita 22 tu.