Jinsi ya kutumia ukaguzi wa serikali kufanya ofisi ya umma iwe salama

Kama unafanya kazi kwa kaunti, wizara ama shirika la serikali hapa Kenya, usidhani sheria ya usalama kazini ni ya viwanda vya Industrial Area pekee. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inashika hata ofisi ya gavana, na wanaoisimamia ni maafisa wa DOSHS, ile idara ya serikali ya usalama na afya kazini. Shida yetu ni kwamba tukisikia mkaguzi anakuja tunapanguza vumbi kwa mitungi ya kuzimia moto, akienda tunarudi kulala, na mimi naona hapo ndio tunapoteza sana, manake ripoti yake ndiyo inaweza kukupatia vitu umeomba miaka mingi bila kujibiwa.

Anza na kamati. Mkiwa watu 20 ama zaidi sheria inataka kamati ya usalama yenye watu wa menejimenti na wafanyakazi, ikae angalau kila miezi 3. Weka dereva, weka mtu wa usafi, weka askari wa geti, hao ndio wanajua mlango gani hukwama na waya gani hupiga shoti mvua ikinyesha. Na muandike kila kitu na tarehe.

Niliwahi kufanya kazi kwa ofisi fulani ambapo mlango wa dharura ulipigwa kufuli ati juu ya wizi, tukalia miezi, kila mtu anatuambia ngoja. Siku afisa wa ukaguzi alipofika tukampangia barua zetu zote mezani, kufuli ikatoka kabla ya chai ya saa nne. Hakupiga kelele hata. Lakini ana uwezo wa kutoa notisi mrekebishe, na hatari ikiwa kubwa anaweza kuzuia hiyo sehemu isitumike kabisa, na hakuna mkubwa anataka kufika hapo.

Sasa ukaguzi wa kila mwaka. Kila miezi 12 lazima mshauri aliyesajiliwa akague mahali pa kazi, na wa moto pia ufanywe. Wengi wanaufanya wakati wowote, alafu mapendekezo yanakaa kwa kabati. Angalia kalenda ya bajeti: waraka wa bajeti, ile barua inayofungua maombi ya pesa, hutoka kufikia Agosti 30, na kufikia Aprili 30 makadirio yanakuwa yashapelekwa bungeni, kwa hivyo ripoti ikitoka Mei umeshakosa bajeti ya mwaka huo. Ifanye Juni ama Julai, kabla waraka unaofuata utoke, kila pendekezo liingie kwa maombi ya pesa likiwa na bei yake. Pesa ikishapewa, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaweza kuuliza ilienda wapi, na hilo swali ndilo huwaamsha watu.

Zoezi la moto ni angalau mara moja kwa mwaka na rekodi iwekwe. Tafadhali msilifanye saa nne asubuhi kila mtu akiwa ashaambiwa. Moto wa uwanja wa ndege wa JKIA wa tarehe 7 Agosti 2013 ulianza alfajiri, kwa hivyo jaribu na shifti ya usiku pia, ujue nani ana funguo, nani anamshika mkono mwenzetu asiyeona, na ile bomba ya maji ya wazimamoto ifungueni kabisa muone kama maji yanatoka. Kuzima moto ni kazi ya kaunti, waiteni waje na gari lao muone kama linapita kwa geti.

Na kama wakubwa wanaficha ripoti, andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, wana siku 21 za kujibu, na kama jambo linahusu uhai wa mtu ni masaa 48, sema hivyo waziwazi kwa barua na uweke nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wakinyamaza, nenda na hiyo nakala kwa Ombudsman, ile tume inayosikiza malalamishi dhidi ya ofisi za umma.