Kuipa Seli Jina: Ninavyopanga Seli za Kinga za Damu kwa Jeni Zake

Kosa langu kubwa la kwanza lilitokana na jeni moja, CD8A. Niliona kundi la seli lenye jeni hiyo ikifanya kazi, nikaandika "seli T za CD8" (seli za kinga zinazoua seli zilizoambukizwa), nikaendelea na kazi. Wiki mbili baadaye mwenzangu akaniuliza, "CD3D iko wapi?" Hiyo ni jeni ya seli T, na haikuwapo. Zile zilikuwa seli NK ("natural killer", wauaji wa asili), na baadhi ya NK hubeba CD8A vilevile. Tangu siku hiyo siipi seli jina kwa jeni moja.

Ukianza, anza na data ndogo inayojulikana. Mimi hufundishia ile ya kampuni ya 10x Genomics, ambayo mashine yake hunasa kila seli katika tone dogo na kuipima: seli 2,700 za damu ya mtu mmoja mwenye afya, inapakuliwa bure, na kompyuta ya kawaida inaimudu. Ni jedwali tu. Kila mstari ni jeni, kila safu ni seli, na kila kisanduku kina idadi ya molekuli za RNA, yaani nakala zinazotolewa na jeni inayofanya kazi, zilizohesabiwa. Visanduku vingi vina sifuri, na sifuri hiyo ielewe mapema: si lazima jeni iwe imezimwa, huenda RNA yake ilikuwapo ikaponyoka wakati wa kupima. Iangalie CD4 ujionee. Seli T saidizi ndizo zinazojulikana kwa jina hilo, lakini nyingi zitaonesha sifuri, huku monositi, seli za kinga zinazomeza vimelea, zikiwa nayo. Kwa hiyo saidizi nazitafuta kwa CD3D na IL7R, CD8A na CD8B zikiwa hazipo, na ninalitazama kundi zima, si seli moja moja.

Kabla ya majina, safisha. Ondoa seli zenye jeni chini ya 200, kwa kuwa nyingi ni matone yasiyo na seli nzima. Ondoa zenye zaidi ya 2,500, maana huenda seli mbili zilinaswa katika tone moja. Ondoa pia zile ambazo RNA ya mitokondria (vijitambo vya nishati ndani ya seli) inafika asilimia 5: seli inayokufa utando wake hupasuka, RNA nyingine ikamwagika, ya mitokondria ikabaki. Utabakiwa na seli 2,638. Tafadhali usizihamishe namba hizi kwenye data yako bila kuangalia. Chora kwanza grafu ya mtawanyiko wake, ndipo uamue pa kukata.

Kinachofuata ni kazi ya mashine. Programu ya Seurat kwa wanaotumia lugha ya kompyuta ya R, au Scanpy kwa wa Python, itasawazisha hesabu, itachagua jeni 2,000 zinazotofautiana zaidi, kisha itazikusanya seli zinazofanana. Mistari michache ya msimbo inatosha.

Sasa majina. Mimi huuliza ukoo kwanza, jina baadaye. CD3D, CD3E na TRAC zikiwapo pamoja, hizo ni seli T. MS4A1 na CD79A ni seli B, zinazotengeneza kingamwili. LYZ na CST3 zikiwa juu, uko kwa monositi na seli za dendriti, zinazozionesha seli T vipande vya vimelea. NKG7 na GNLY bila CD3D ni NK. Ukoo ukishajulikana, ingia ndani: CCR7 huonesha seli T ambazo bado hazijakutana na kimelea chake, S100A4 zile zenye kumbukumbu, CD8A pamoja na CD8B zile za CD8. Kwa monositi, CD14 ni za kawaida, FCGR3A na MS4A7 ni za aina ya pili. FCER1A ni dendriti. Zingatia kwamba FCGR3A iko pia kwenye NK, na ndiyo sababu nasisitiza ukoo uje kwanza. Kikundi kidogo mno chenye PPBP ni chembe sahani, zinazogandisha damu. Neutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi zaidi katika damu, usizitafute hapa: damu ilipotenganishwa kwa uzito, zilizama chini pamoja na chembe nyekundu.

Likitokea kundi usilolielewa, usikimbilie kudhani umegundua seli mpya. Angalia JUN na FOS, ambazo mara nyingi hupanda damu ikichelewa kufika maabara. Kama umechanganya sampuli za watu kadhaa, angalia XIST na RPS4Y1. Huenda mashine imetenganisha wanawake na wanaume tu.

Zipo programu zinazotoa majina zenyewe, kama Azimuth na CellTypist. Nazitumia, ila kama shahidi wa pili. Zinalinganisha seli zako na zile zilizofundishiwa, na isiyokuwamo huenda ikapewa jina la jirani yake. Hili linanigusa hasa kwa damu za kwetu. Tafiti za Uganda na Mali zimeonesha kwamba watu wanaoumwa malaria mara kwa mara huwa na seli B za kumbukumbu zisizo za kawaida, zenye FCRL5 nyingi. Programu ikikuandikia "seli B za kumbukumbu" na kuishia hapo, umepoteza kile hasa kilichokufanya umtoe mtu damu.

Kwenye jedwali langu la mwisho huweka safu mbili kando ya kila kundi. Ya kwanza ni ya jeni zilizonishawishi, ya pili ni ya zile nilizotarajia nikazikosa. Kundi ambalo safu hizo mbili zinapingana naliandika "bado", na linabaki hivyo hadi seli za aina hiyo zipimwe kwa protini.