Lini Uiachie Kamera Ifokasi, Lini Ushike Ringi Mwenyewe

Kwa kitu kinachokimbia, fokasi otomatiki ya leo ina kasi ambayo mkono wa binadamu haufikii. Mchezaji anakujia na mpira, mtoto anaruka kamba, tai anashuka: iachie kamera kazi yake. Shida ni kwamba kamera haijui unachotaka. Inatafuta kingo, mistari, mahali mwanga unapopakana na giza, na ikipapata inafunga hapo hapo, hata kama ni unyasi ulio mbele ya simba. Kamera mpya zinatambua uso na jicho, ndiyo, lakini bado kuna mazingira mengi zinapobabaika, na hapo ndipo anayejua kuzungusha ringi (pete ya lenzi ya kufokasi kwa mkono) anapopata picha ambayo mwenzake anaikosa.

Kwanza ujue kosa ni la nani

Kabla hujabadilisha chochote, fungua picha mbovu na uikuze hadi asilimia 100. Ukikuta jicho limefifia lakini sikio au kola ya shati iko kali, fokasi imekaa pasipo pake. Ukikuta kila kitu kwenye picha kimevutika upande mmoja, mkono umetikisika. Ukikuta ukuta uko kali na mtu peke yake amevutika, mtu alisogea na shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) ilikuwa ya polepole. Makosa mawili ya mwisho hayahusiani kabisa na fokasi: yanaponywa na kasi ya shata, tuseme 1/250 ya sekunde kwa watu wanaotembea. Watu wengi hununua lenzi nyingine kwa tatizo la 1/40.

Mipangilio ya kuanzia

Pembeni mwa kitundu cha kuchungulia kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha macho. Usitazame mandhari, tazama namba na alama zilizo ndani ya kitundu, kisha zungusha hadi zionekane kali. Unayevaa miwani, fanya ukiwa umeivaa. Fokasi otomatiki haijali kigurudumu hiki, ila bila ya kukiweka sawa jicho lako litakudanganya kila unapofokasi kwa mkono.

Kitu kilichotulia kinataka fokasi ya kufunga mara moja: AF-S kwa Nikon na Sony, One Shot kwa Canon. Kinachosogea kinataka ile inayofuatilia: AF-C, au Servo kwa Canon. Kuna jambo moja hapa linalowasumbua wapiga picha za harusi bila wao kujua: kwa kawaida ile taa ndogo ya kusaidia fokasi gizani huwaka ukiwa kwenye fokasi ya kufunga mara moja tu. Ukumbi ukiwa na giza nawe uko kwenye AF-C, kamera inahangaika bila msaada.

Kisha chagua nukta moja ya fokasi badala ya kuiachia kamera ichague kati ya zote. Ikichagua yenyewe, mara nyingi huchukua kilicho karibu zaidi, na kilicho karibu zaidi ni meza, maua au bega la mgeni. Kwenye kamera za kioo (DSLR, zenye kioo ndani kinachopeleka picha kwenye kitundu), nukta ya katikati ndiyo yenye nguvu kuliko zote kwa modeli nyingi, kwa kuwa inasoma mistari ya wima na ya mlalo. Nukta nyingine huenda zinasoma upande mmoja tu. Ndiyo maana ukiilenga nukta ya pembeni kwenye mistari ya pazia inashindwa, na ukiinamisha kamera kidogo inakubali.

La mwisho, hamishia fokasi kwenye kitufe cha nyuma (AF-ON, au kitufe cha nyota kwa Canon, au AE-L/AF-L kwa Nikon ndogo) na uiondoe kwenye kitufe cha kupigia. Kidole gumba kikibonyeza, kamera inafuatilia. Kikiachia, fokasi inabaki ilipo na unaweza kupiga hata picha kumi bila kamera kuanza kutafuta upya. Mwanzoni inachosha, gumba linasahau. Ukishaizoea unakuwa na AF-S, AF-C na fokasi iliyogandishwa kwa pamoja, bila kuingia kwenye menyu.

Kufunga katikati halafu kugeuza kamera

Mbinu ya zamani ni kulenga jicho kwa nukta ya katikati, kufunga fokasi, kisha kuigeuza kamera ili kupanga picha. Kwenye f/8, tundu la lenzi likiwa dogo, haina neno. Kwenye f/1.8, tundu likiwa kubwa, inakuharibia. Chukulia fokasi kama ukuta wa kioo uliosimama sambamba na sensa (sehemu ya ndani ya kamera inayopokea picha): ukigeuza kamera, ukuta wote unageuka nayo. Mtu yuko mita 1.5, lenzi ni 50 mm kwenye f/1.8, sensa ni ya APS-C (ndogo kuliko sensa kamili, ile yenye ukubwa wa filamu ya 35 mm). Eneo lililo kali, mbele na nyuma kwa pamoja, ni kama sentimita 6.5. Geuza kamera nyuzi 15, na ukuta unaangukia kama sentimita 5 nyuma ya jicho. Nusu ya eneo lako ni sentimita 3 na kidogo, kwa hiyo jicho liko nje, na sikio ndilo linalong'aa. Katika hali hiyo sogeza nukta yenyewe hadi kwenye jicho, au punguza tundu la lenzi: kwenye f/8, kwa umbali ule ule, eneo kali linafika karibu sentimita 29.

Pale otomatiki inapokwama

Suti nyeusi isiyo na mchoro, ukuta mweupe, anga tupu: hakuna kingo, kwa hiyo hakuna cha kufunga. Lenga mpaka wa kola na shati, si kifua. Shela ya bibi harusi, hasa yenye darizi, huiba fokasi kabla jicho halijaonekana; na miwani yenye fremu nzito hufanya hivyo hivyo. Hapo punguza nukta iwe ndogo kabisa, au shika ringi.

Nyasi ndefu za mbugani ndizo mbaya zaidi. Weka nukta moja ndogo, tafuta upenyo kati ya mabua, na kama lenzi yako ndefu ina swichi ya kupunguza masafa, iweke isitafute vitu vya karibu. Kamera iking'ang'ania nyasi usiendelee kubonyeza. Zungusha ringi kwa mkono hadi mnyama aanze kuonekana, kisha bonyeza tena. Mara nyingi itafunga penye kina ulichoipeleka. Lakini usilazimishe ringi kwenye lenzi yoyote. Za Canon zenye injini ya USM ya duara, au za Nikon zinazoitwa AF-S (hapa ni jina la lenzi, si ile fokasi ya kufunga mara moja) zenye alama M/A zinaruhusu kuzungusha wakati wowote, ilhali lenzi za bei nafuu kama Canon EF 50mm f/1.8 II lazima kwanza uhamishe swichi kwenda MF (fokasi ya mkono), la sivyo unasaga gia za ndani.

Hari ya mchana juu ya ardhi tupu ni kesi nyingine kabisa. Hewa inacheza, na picha ya mnyama aliye mbali inakuwa laini hata fokasi ikiwa sahihi. Hakuna ringi wala otomatiki inayotibu hilo; sogea karibu au rudi alfajiri.

Kufokasi kwa mkono bila kubahatisha

Kamera za filamu za zamani zilikuwa na duara la katikati linaloikata picha vipande viwili. Vipande vikiungana, fokasi imekaa. Baada ya kamera ya Minolta 7000 ya 1985 kuifanya fokasi otomatiki kuwa jambo la kawaida, duara hilo likatoweka taratibu, na vioo vya kutazamia vikatengenezwa ving'ae zaidi kwa ajili ya zumu (lenzi za kuvuta) zenye tundu dogo. Matokeo yake, kitundu cha kamera ya kioo ya leo hakikuonyeshi kina halisi cha f/1.8. Unaona kila kitu kiko kali, picha inatoka hovyo.

Kwa hiyo fanyia kazi kwenye skrini. Weka MF, washa skrini, peleka kisanduku cha kukuza juu ya jicho au maandishi, kuza mara 10. Zungusha ringi hadi upite ukali, rudi hadi uupite tena upande wa pili, kisha kaa katikati. Usisimame pale unapoona "inatosha" kwa mara ya kwanza. Kamera zisizo na kioo zina rangi inayopaka kingo zilizo kali. Chagua nyekundu kama mandhari ni majani, na usiiamini peke yake kwenye tundu kubwa, maana hupaka eneo pana kuliko ukali wenyewe.

Usifokasi zumu ikiwa imevutwa kisha ukairudisha. Lenzi nyingi za picha, pamoja na 18-55 mm inayokuja na kamera, hupoteza fokasi urefu ukibadilika. Na lenzi za Canon zenye injini ya STM ringi yake ni ya umeme: kamera ikizimwa au ikilala, unazungusha bure.

Wanunuzi wa lenzi za mtumba waangalie hapa: AF 50mm f/1.8D ya Nikon haina injini ndani. Kwenye kamera za Nikon kama D3500 au D5600 haitafokasi yenyewe, ila ukizungusha kwa mkono, kinukta cha kijani ndani ya kitundu kitawaka fokasi ikikaa. Kwa bei yake si lenzi ya kudharau.

Kuweka fokasi kabla ya tukio

Maharusi wanapoingia ukumbini na taa zinacheza, chagua mahali kwenye zulia watakapopita, fokasi hapo, hamisha swichi kwenda MF, punguza tundu hadi f/4, subiri. Anza kupiga mfululizo hatua moja kabla hawajafika alama, kwa sababu kidole huchelewa.

Mtaani au sokoni, tumia lenzi pana, weka umbali mara moja na usifokasi tena. Kwa sensa kamili, 28 mm kwenye f/8 ikiwekwa mita 3.3 inatoa ukali kuanzia kama mita 1.6 hadi mwisho wa macho. 35 mm kwenye f/8 iweke mita 5.1, ukali uanzie mita 2.6. Kwa APS-C, 18 mm kwenye f/8 iweke mita 2, na kuanzia mita 1 kila kitu kimo. Lenzi isiyo na namba za umbali, pima kwa hatua, fokasi otomatiki kwenye kitu kilicho umbali huo, kisha zima AF.

Lenzi ikikosea kila mara upande mmoja

Pangusa kwanza vituo vya umeme vya lenzi kwa kitambaa kikavu. Kisha weka kamera kwenye stendi, karatasi yenye maandishi umbali wa mara 50 ya urefu wa lenzi (50 mm ni mita 2.5), tundu wazi kabisa. Piga kadhaa kupitia kitundu na kadhaa kupitia skrini, ukivuruga fokasi kila mara. Za skrini zikiwa kali na za kitundu hazipo sawa, sensa ya fokasi iliyo chini ya kioo haijalingana na lenzi. Kamera kama Canon 80D na Nikon D7200 zina marekebisho ya −20 hadi +20 kwenye menyu. Fokasi ikiangukia mbele ya karatasi ongeza kwenda chanya, hatua tano tano, ujaribu tena. Kamera isiyo na menyu hiyo ni ya fundi, na umpelekee bodi (kamera yenyewe) na lenzi pamoja. Akipewa lenzi peke yake hatakuwa na namna ya kuona kosa la bodi yako.