Kuchagua maji yaliyosafishwa kwa tangi la samaki: hatua kwa hatua

Mfugaji mpya akishasikia kwamba klorini ya bomba huua samaki, wazo linalofuata huwa ni kutafuta maji safi kuliko yote na kuyajaza kwenye tangi. Nina miaka mingi katika ufugaji huu, na hapo ndipo huwa naomba mtu asubiri kidogo. Maji yaliyoondolewa kila kitu, hata madini, nayo ni hatari.

Damu ya samaki wa mtoni au ziwani ina chumvi nyingi kuliko maji anayoishi. Kwa hiyo maji hupenya mwilini mwake saa zote, hasa kupitia matamvua. Figo huyatoa kama mkojo mwingi, huku matamvua yakivuta chumvi na madini kutoka majini kufidia yanayopotea. Ukimweka kwenye maji matupu, hana pa kuvuta. Atadhoofika, na konokono walio naye gamba lao litaanza kumomonyoka.

Hatua ya 1: Jua samaki wako wanataka maji gani

Neoni tetra na diskasi asili yao ni mito ya Amazon, kwenye maji laini (yenye madini machache) yenye pH, yaani kipimo cha tindikali, chini ya 7. Samaki wa rangi wa Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika ni kinyume kabisa: maji magumu (yenye madini mengi), pH ya 7.8 na kuendelea. Gapi na moli nao hupenda maji magumu. Samaki wa dhahabu wanaridhika na ya wastani. Usiwachanganye tetra na samaki wa Malawi ukitumaini kupata maji ya katikati. Kila upande utaishi kwa shida.

Hatua ya 2: Pima maji ya bomba kabla ya kununua chochote

Utahitaji vipimo vya pH, GH, KH na nitrati, pamoja na kalamu ya TDS. GH ni ugumu wa maji, yaani kalsiamu na magnesiamu. Uzi mmoja (digrii moja) wa GH ni sawa na miligramu 17.8 za kalsiamu kaboneti kwa lita. KH ni akiba ya kaboneti inayoizuia pH isiyumbe. TDS hujumlisha karibu kila kilichoyeyuka bila kukuambia ni nini, kwa hiyo maji yenye TDS 200 yanaweza kuwa na kalsiamu nzuri au chumvi tupu.

Acha maji kwenye ndoo kwa siku moja ndipo upime pH, kwani gesi zilizomo yanapotoka bombani hubadilisha kipimo.

Kama majibu yanawafaa samaki wako, huhitaji maji mengine. Tumia hayo hayo na dawa ya kuondoa klorini. Kumbuka tu kwamba klorini ya kawaida hutoka yenyewe ukiyaacha maji wazi kwa siku moja au ukiyapulizia hewa, lakini kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) haitoki hivyo. Dawa nayo inapoivunja kloramini huachia amonia, basi chagua dawa inayodhibiti vyote viwili.

Hatua ya 3: Jua kilichomo kwenye kila aina

*Maji yaliyokenekwa*, yale yanayotokana na mvuke uliopozwa, hayana madini wala KH. Usiwaweke samaki humo peke yake. Na kama yameuzwa kwa ajili ya betri za magari, hakikisha ni maji tu, si tindikali.

*Maji ya RO* (osmosisi ya kinyume) husukumwa kwa shinikizo kupitia utando unaozuia sehemu kubwa ya vilivyoyeyuka, mara nyingi zaidi ya asilimia 90. Haya ndiyo ninayoyapendekeza, kwa sababu yanakupa mwanzo unaofanana kila mara.

*Maji ya kunywa ya chupa* ndiyo yanayowapoteza watu wengi. Kiwanda kinaweza kuyapitisha kwenye RO kisha kikarudisha madini kidogo kwa ajili ya ladha. Kingine kinajaza maji ya chemchemi yenye ugumu mkubwa. Neno "safi" kwenye chupa halikusaidii. Soma jedwali la madini: kalsiamu, magnesiamu, baikaboneti, sodiamu. Kisha pima mwenyewe kila unaponunua shehena mpya.

*Maji ya mashine ya kulainisha kwa chumvi* siyapendekezi. Mashine hiyo hubadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. GH inashuka, TDS inabaki palepale, na samaki wa maji laini hapati alichokuwa anakitafuta.

Kuchemsha hupunguza sehemu ya ugumu na kufukuza hewa, lakini nitrati na metali hubaki.

Hatua ya 4: Changanya kwa hesabu

Tuseme bomba lina GH 16 na unataka 4. Gawanya 4 kwa 16, unapata robo: sehemu moja ya bomba kwa sehemu tatu za RO. KH na nitrati zitashuka kwa uwiano huohuo. Maji ya bomba yatiwe dawa kwanza, na mchanganyiko upimwe kabla haujaingia kwenye tangi.

Kama maji ya bomba hayafai kabisa, tumia RO peke yake na uongeze chumvi maalumu za madini za akwariamu. Chumvi ya jikoni haipandishi GH hata ukiimimina kilo nzima.

KH ndiyo inayosahaulika, na madhara yake huja ghafla. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitrati huila KH kidogo kidogo kila siku. Ikiisha, pH huporomoka, bakteria hao huzubaa, na amonia huanza kujikusanya. Kwa tangi la kawaida la samaki wa aina mchanganyiko mimi sipendi KH ishuke chini ya 3. Ikiwa imepungua, gramu 3 za sodiamu baikaboneti kwa lita 100 hupandisha takriban uzi mmoja. Tumia baikaboneti tupu, si poda ya kuumulia keki, kwani hiyo imechanganywa na tindikali.

Hatua ya 5: Hamia polepole

Samaki waliozoea maji magumu wasihamishiwe maji laini kwa siku moja, hata kama vipimo vipya ndivyo vinavyowafaa. Badilisha asilimia 10 hadi 15 kila mara, kwa wiki kadhaa. Maji mapya yawe na joto sawa na ya tangi, yawe yamepuliziwa hewa, na ndoo iwe haijawahi kuguswa na sabuni.

Hatua ya 6: Tofautisha kubadilisha na kujazia

Maji yanapokauka, yanayopaa ni maji tu, madini hubaki. Ukijazia pengo hilo kwa maji ya bomba kila wiki, ugumu unapanda bila wewe kujua. Hapa ndipo RO tupu au maji yaliyokenekwa yana kazi yake halali: weka alama kwenye kioo, jazia hadi hapo taratibu. Unapotoa maji machafu na kuweka mengine, tumia mchanganyiko wa hatua ya 4.

Ukiwa na mashine yako ya RO

Pima TDS ya maji yanayoingia na yanayotoka. Yakiingia 200 na kutoka 10, utando unazuia asilimia 95. Ukiona asilimia hiyo inashuka mwezi hadi mwezi, badilisha utando. Chujio la mkaa lililo mbele yake libadilishwe kwa wakati, kwa sababu likichoka klorini hupita na kuuharibu utando wenyewe. Na maji ya dakika za mwanzo, mashine ikiwa imelala muda mrefu, yamwage: TDS yake huwa juu kuliko kawaida.