Ukiandika "itaendelea" ujue umekopa

Nipo kwenye grupu la hadithi mwaka wa nne sasa, kwanza kama msomaji tu, baadaye na mimi nikaanza kutupia zangu, na nilichokiona humo ni kwamba msomaji wa hadithi za mfululizo hakasiriki kwa sababu stori ni mbaya. Stori mbaya anaiacha kimya kimya anaenda zake. Anakasirika pale alipoahidiwa kitu, akasubiri, ikaja sehemu ya 12, ikaja ya 20, kitu hakijaletwa na mwandishi anajifanya kasahau.

Kwa hiyo kabla ya mambo ya lugha tamu sijui nini, nunua daftari. Lile la mia tano tu, kama la mangi dukani, ukurasa umeandikwa mama fulani sukari nusu, baba fulani vocha. Wewe utaandika madeni yako kwa wasomaji. Kila swali uliloliacha wazi ni deni, andika na namba ya sehemu ulipokopa, siku ukilipa unapiga mstari.

Chukua mfano huu nimeutunga saa hizi. Kassim ni fundi simu, ana kimeza chake pale Aggrey, Kariakoo. Mteja kaleta simu ibadilishwe kioo, Kassim kamaliza, anaiwasha ajaribu tachi, meseji inaingia juu ya skrini: "Bi Zuhura wa Mbagala bado hajamwambia mwanaye." Na jina la mama lililoandikwa pale ni la mama yake Kassim. Kata hapo. Sehemu ya kwanza tu tayari unadaiwa vitu vitatu, nani katuma, mwenye simu ni nani, na mama anaficha nini.

Sasa hapa ndo wengi tunapoharibu. Tunaona watu wamejaa kwenye komenti, "leta vitu mkuu", "umetuacha na arosto", tunalewa sifa, basi sehemu ya pili tunakopa tena, ya tatu tunakopa tena, anaibuka mwanamke wa ajabu, anaibuka mzee mwenye kovu, linaibuka begi la hela, na hakuna hata kimoja kilicholipwa. Mimi naenda hivi: kila sehemu ilipe angalau deni moja dogo na ikope moja, na yale makubwa lipa kwa mafungu. Tuseme sehemu ya nne Kassim anajiongeza, anaichukua ile namba iliyotuma meseji anajifanya anaitumia buku moja, si unajua kabla hujathibitisha linatokea jina la mwenye namba, jina likatokea, na ni la baba yake mzazi, ambaye walimzika Korogwe mwaka 2009. Umeona hapo? Swali la "nani katuma" limejibiwa kabisa, msomaji kashiba, lakini jibu lenyewe limezaa njaa nyingine. Na msomaji mjanja atakaa apige hesabu mwenyewe kwamba laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole, aliyezikwa 2009 kidole kakitoa wapi. Usimwambie. Muache aigundue aje aandike kwenye komenti aonekane mkali, huyo hatoki tena kwenye stori yako.

Hiyo ndo raha ya upelelezi, msomaji anataka nafasi ya kushindana na wewe. Mhalifu awe ameshapita mbele ya macho yake mapema, kamuuzia mtu karanga, kasalimia, kaondoka. Ukimleta muuaji sehemu ya mwisho, mtu ambaye hatujawahi kumuona, ni wizi.

Kila aina ya hadithi ina ahadi yake lakini. Mapenzi, msomaji anajua toka mwanzo hawa wawili wataoana, hajaja kujua kama, kaja kuona itawezekanaje, kwa hiyo kinachowatenganisha kiwe kizito kweli, sio kitu ambacho wangepigiana simu dakika mbili kingeisha. Majini na uchawi, weka masharti mapema: jini wako anaweza nini na hawezi nini, akiweza kila kitu msomaji hana sababu ya kumhofia mtu yeyote humo ndani. Kijasusi ni mwendo na hatari na miji. Mwandishi Elvis Musiba alipokuwa anamtuma jasusi wake Willy Gamba kazini hakuna aliyekuwa anadhani Willy atakufa, watu walikuwa wanataka kuona atatokaje.

Halafu mhusika mkuu. Kama unataka mfululizo mrefu mpe kitu kidogo cha kumkumbukia na mtu wa kutembea naye. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimpa mpelelezi wake Bwana Msa kiko mdomoni na rafiki yake Najum pembeni, hadithi yake ya kwanza ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58, ikatoka kitabu 1960, na mpaka leo mtu ukimtajia Bwana Msa anakiona kile kiko. Najum anauliza yale ambayo wewe msomaji ungeuliza, Msa analazimika kujibu, au kukaa kimya kwa namna inayokutia wasiwasi. Kassim wangu ningempa yule dada wa kava za simu meza ya jirani, mdomo mrefu, anaona kila kitu, na kila Kassim akidanganya anasema "haya" tu anaendelea kupanga kava zake.

Kuhusu kukata sehemu. Kata kwenye uamuzi au kwenye ugunduzi. Usikate kwenye hatari ya uongo, "mlango ukagongwa kwa nguvu, akashika kisu akaufungua, LAHAULA!!!" afu kesho tunakuta ni jirani kaja kuomba chumvi. Mara moja watacheka. Mara ya pili wanajua wewe ni wa kupiga kelele, hata siku muuaji akigonga kweli hawashtuki. Na pale juu kwenye ILIPOISHIA usibandike tu aya ya mwisho nzima nzima, chagua ile sentensi yenye deni, mistari miwili mitatu, SASA ENDELEA, twende. Mtu anasoma kwenye daladala amesimama.

Kumbukumbu nayo ni shida kuliko watu wanavyodhani, maana wewe unaandika miezi minne, yeye kuna siku anakaa anasoma zote usiku mmoja. Mimi kuna shangazi nilimuua sehemu ya 9, msiba mzuri tu watu walilia, sehemu ya 31 nikamuweka kwenye harusi anakaanga maandazi. Dada mmoja akapiga skrini shoti zote mbili akaziweka kwenye grupu akaandika "mwandishi, marehemu kafufuka lini?" Ndo maana kurasa za nyuma za lile daftari ni za majina, umri, nani anamwita nani vipi, nani kafa.

Ratiba. Ukisema Jumatatu na Alhamisi iwe Jumatatu na Alhamisi. Usianze kutupia mpaka una sehemu kumi kibindoni, kwa sababu umeme utakatika, utaumwa, bosi atakutuma Dodoma. Na kama unauza, ile ya kuweka sehemu kumi bure afu "fulu ni buku mbili njoo inboksi", hakuna ubaya, kazi ni kazi, ila hakikisha zile kumi za bure zimelipa madeni ya kutosha mpaka mtu akuamini na hela yake. Ukimkatia mtu pale pale kabla hujawahi kumjibu hata swali moja anahisi anatekwa.

Na ukimchoka mhusika wako? Inatokea. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimchoka mpelelezi wake Sherlock Holmes akamtumbukiza kwenye maporomoko ya Reichenbach kule Uswisi, hiyo 1893, wasomaji wakachachamaa, na 1903 akamrudisha kama mtu aliyepona. Aliweza kwa sababu maiti haikuwahi kuonekana. Kwa hiyo ukimuua mtu na huna uhakika, maiti isionekane. Mimi shangazi nilishamzika, mpaka kaburi nililieleza, nikabaki kuomba radhi tu.

Mwisho uujue mapema, hata kwa sentensi moja. Kabla hujaandika neno MWISHO pita daftari lote, chochote ambacho hakina mstari kilipe, au rudi ukakifute kule mwanzo kama bado hujatupia. Stori ya Kassim mimi ningeimalizia jikoni Mbagala, mama anachuja chai mgongo kampa, anaanza kuongea, na anaongea yote, baba, Korogwe, kile kilichozikwa siku ile, hafichi hata kimoja. Kassim analala huko huko. Asubuhi anarudi Aggrey anafungua kimeza, dada wa kava anamuuliza mwenye ile simu amekuja kuichukua? Bado hajaja.