Kabla ya kukodi boti Canal du Midi

Raha ya Canal du Midi ni kwenda polepole. Mfereji huu wa kusini mwa Ufaransa ulichimbwa kuanzia 1666 na kufunguliwa 1681, miezi michache baada ya mwanzilishi wake, Pierre-Paul Riquet, kufariki. Unakwenda kilomita 240 kutoka Toulouse hadi ziwa la Thau, na boti haziruhusiwi kuzidi kilomita 8 kwa saa. Baiskeli za kandokando zitakupita kutwa nzima. Likizo nyingi za hapa huharibika kwa sababu msafiri alizipanga kama safari ya gari.

Basi hesabu kwanza. Neno écluse kwenye ramani ni lango la maji: chumba cha mawe chenye milango pande mbili, ambamo maji hujazwa boti ipande au hupunguzwa ishuke. Kila lango lihesabie dakika 15 hadi 20, foleni mbali. Malango hufungwa mchana, mara nyingi kuanzia saa sita na nusu hadi saa saba na nusu, na jioni huwahi kufungwa. Kilomita 40 za Castelnaudary hadi Carcassonne zinaonekana ni za siku moja, lakini zinaanza na ngazi ya vyumba vinne palepale Castelnaudary, na malango mengine yanafuatana. Zipe siku mbili, au tatu mkiwa na watoto. Wanaoanza wangefanya vyema kuchagua kipande cha kati ya Argens na Béziers: kilomita 54 bila lango hata moja. Mwisho wake ni ngazi ya Fonserannes, mita 21 na nusu za kimo, ambako boti hupanda kwa saa zake na kushuka kwa saa zake. Ulizia ratiba hiyo siku moja kabla.

Leseni haihitajiki kwa boti za kukodi. Kampuni hukupa mafunzo mafupi na kibali cha muda. Usikubali mafunzo ya kuonyeshwa swichi tu. Omba muingie kwenye lango moja na mwalimu akiwa ndani ya boti, kwa kuwa matatizo mengi hutokea huko. Mkipanda, mtu mmoja ashuke nchi kavu mapema, apitishe kamba za omo na tezi kwenye vigingi, kisha ncha zirudi botini zishikwe kwa mkono. Maji huingia kwa nguvu, na kamba ya omo ikilegea boti hubamiza ukuta. Mkishuka, kamba isifungwe kamwe: maji yakipungua boti itabaki inaning'inia. Tezi nayo ikae mbali na mlango wa nyuma, maana chini yake kuna kizingiti cha mawe kinachoweza kuinasa. Glavu jozi mbili si anasa. Watoto wavae jaketi la kuokolea kabla boti haijaondoka gatini, na kwenye madaraja kila mtu aliye juu ainame. Daraja la Capestang ni maarufu kwa kuwa chini sana.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, pima oili na angalia kichujio cha maji ya kupoozea kama kimeziba kwa majani. Boti ikipoteza nguvu ghafla, huenda kamba au gugu limejizungusha kwenye rafadha: zima injini kwanza, ndipo uguse. Choo hakipokei chochote zaidi ya karatasi yake, na tangi la maji lijazwe kila upatapo bomba, hata likiwa nusu.

Msimu ni takriban Aprili hadi Oktoba. Majira ya baridi sehemu za mfereji hufungwa kwa matengenezo. Usiku wa Aprili una baridi kali kwa mtu wa Mombasa au Tanga, na upepo wa Tramontane husukuma boti nyepesi ubavuni hadi ikagusa ukingo. Mwenye pasi ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya Schengen, na maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Ukikodi, soma pia kipengele cha dhamana ya uharibifu, na uliza kama mafuta hutozwa kwa saa za injini.

Jambo la mwisho ni kulala njiani. Miti ya platane ya ukingoni, iliyokuwa takriban 42,000, imekatwa kwa maelfu tangu 2006 kwa sababu ya kuvu anayeua mti mzima na anayeweza kubebwa na kamba za boti. Kufunga kamba kwenye mti hairuhusiwi. Hakikisha botini mna vigingi viwili vya chuma na nyundo, vigongelee karibu na maji, na kamba isikatize njia ya baiskeli.