Unaenda Puerto Rico msimu wa mvua? Anza na wiki iliyopita

Ndugu zangu mlioko Marekani mnaokata tiketi za Puerto Rico kati ya Juni na Novemba, huo ndo msimu wa vimbunga kule, na watu huwa wanauliza kitu kimoja tu, kimbunga ni kategoria ngapi. Kategoria inapima upepo jamani, mvua haipimi kabisa. Fiona ya Septemba 2022 ilikuwa kategoria 1 tu ilipopiga kisiwa, lakini kusini kuna sehemu zilipata zaidi ya milimita 600 na umeme ukakatika kisiwa kizima.

Kwahiyo kabla ya utabiri wa wiki ijayo angalia wiki iliyopita imenyesha kiasi gani huko unakofikia, maana ardhi ikishashiba maji hata mvua ya lisaa limoja inaweza kushusha udongo, hasa milimani kama Utuado ambako barabara zimechongwa ubavuni mwa mlima. Nyumba ya kupanga ikiwa chini ya mlima uliokatwa wima, mi nakwambia tafuta nyingine hata kama bei ni nzuri.

Halafu mito, hapa naomba mnisikilize wenye watoto. Pale El Yunque, ule msitu wa mvua wa milimani, unaweza kuwa unaoga mtoni jua linawaka, kumbe huko juu inanyesha na wewe hujasikia hata radi. Utaona maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti vinaanza kupita, na mlio wa mto unakuwa mzito. Hapo mafuriko yanakuja, usirudi kufuata viatu wala simu, beba watoto mtoke mtoni mpande sehemu ya juu.

Kwenye nyumba uliyofikia weka maji ya kutosha, kama lita 4 kwa mtu kwa siku, sababu umeme ukienda pampu zinasimama na bomba linakauka. Dawa za presha, tochi, pawabenki na hela taslimu viwepo kabla. Jenereta ikae nje mbali na madirisha, ile gesi yake inayoua haina harufu.

Na maji ya mafuriko usiyakanyage una kidonda, yanabeba mkojo wa panya, ndo ugonjwa uleule wa homa ya mgunda uliotokea Lindi 2022. Homa ikikushika hata wiki mbili baadaye, mwambie daktari mapema kwamba ulikanyaga maji hayo.